Mogeji (malipo ya mkopo wa nyumba) imepanda dola elfu moja kwa mwezi Texas: kabla hujagombana na benki, angalia kama uliwahi kujaza fomu ya homestedi, ile nafuu ya kodi kwa nyumba unayoishi mwenyewe

Dada mmoja Mtanzania anaishi Richmond, kaunti ya Fort Bend, pembeni ya Houston, ameniandikia. Nafupisha swali lake. Yeye na mumewe walinunua nyumba mpya kabisa Septemba 2024 kwa mkopo wa FHA (mkopo unaodhaminiwa na serikali ya shirikisho), mume anaendesha lori, yeye anafanya kazi nesingi homu, hawajachelewa malipo hata mwezi mmoja. Walikuwa wanalipa dola 2,340 kwa mwezi. Januari hii imekuja barua inasema kuanzia mwezi ujao ni 3,380. Anauliza riba si ilikuwa fiksi? Na mwaka jana si tulisikia bunge la Texas limepunguza kodi za nyumba mpaka watu wakapiga kura, mbona kwetu imepanda? Kuna mtu kamshauri warifainansi, yaani wachukue mkopo mpya kulipa huu wa sasa. Na mama mkwe wake ana miaka 68, anaishi nao, je ile nafuu ya wazee inawahusu?

Dada pole sana, na naomba kwanza upumue, kwa sababu kwa hesabu ulizonitumia hapa hakuna aliyekuibia na nyumba haijapotea. Riba yako ni ileile na deni la mkopo ni lilelile, kilichopanda ni ule mfuko wa pembeni unaoitwa eskro, ambao kampuni ya mogeji inakusanya hela ya kodi na bima kila mwezi halafu inakulipia mwisho wa mwaka. Riba fiksi maana yake ni kwamba sehemu ya mkopo haibadiliki, ila kodi na bima vinabadilika kila mwaka hata kama mkopo ni fiksi wa miaka 30. Hili naona halielezwi vizuri siku ya kukloz, yaani ya kukamilisha ununuzi, unawekewa makaratasi mlima, unasaini mpaka mkono unauma, unapewa ufunguo, mnapiga picha mlangoni, basi.

Sasa kwa nini imeruka hivyo. Kodi ya nyumba Texas inahesabiwa kwa hali ya mali ilivyokuwa tarehe 1 Januari ya mwaka huo. Wewe umenunua Septemba 2024, lakini tarehe 1 Januari 2024 pale palikuwa na nini? Umenitumia picha ya sehemu ile kabla ya ujenzi, nimeona vigingi vya mbao na vibendera vya rangi ya chungwa kwenye udongo, hakuna hata msingi. Kwa hiyo bili ya 2024 ilikuwa ya kiwanja kitupu, thamani dola 70,000. Kampuni ya mkopo ikachukua bili hiyo hiyo ikapangia eskro yako (wengine wanakadiria nyumba nzima tangu mwanzo, kwako hawakufanya hivyo). Tarehe 1 Januari 2025 ikafika, nyumba imesimama, mnalala ndani, ofisi ya tathmini ya kaunti ikaandika 320,000.

Tufanye hesabu polepole, chukua kalamu. Ukijumlisha viwango vyote vya eneo lako, yaani wilaya ya shule, kaunti, na ile MUD, wilaya ya maji iliyojenga mabomba na barabara za mtaa wenu na sasa inalipa deni lake kupitia kodi zenu, tunapata kama dola 2.50 kwa kila dola 100 ya thamani. Shule peke yake ni 1.25. Kiwanja cha 70,000 kwa kiwango hicho ni dola 1,750 kwa mwaka, sawa na 146 kwa mwezi, ndo hiyo uliyokuwa unalipia ndani ya zile 2,340. Nyumba ya 320,000 ni dola 8,000 kwa mwaka, sawa na 667 kwa mwezi. Hapo tu pana ongezeko la 521. Halafu Desemba kampuni ya mogeji imelipa bili ya 8,000 wakati mfukoni kwako kulikuwa na 1,750, wao wamejazia 6,250, na hiyo 6,250 wanaidai, wameigawa kwa miezi 12, ambayo ni 521 nyingine. Ukijumlisha unapata dola elfu moja na arobaini na kitu, ndo hiyo imewanyima usingizi.

Angalia ile barua yako ya ukurasa wa pili, kuna jedwali lina mstari wa upungufu. Huo mstari ni wa mwaka mmoja tu, ukiisha miezi 12 unatoka. Una uamuzi pia, unaweza kuulipa wote kwa mkupuo kama hela ipo, au unaacha wagawe. Mimi nisingekushauri umalize akiba ya dharura kuulipa, maana hawatozi riba juu yake. Na ujue wanaruhusiwa na sheria ya shirikisho kushikilia akiba ya ziada isiyozidi malipo ya miezi miwili ya kodi na bima, kwa hiyo ukiona kidogo imezidi hesabu yangu usishtuke, ila ikizidi sana piga simu waeleze.

Najua kwa mtu aliyetoka nyumbani hii inauma kwa namna yake. Dar kodi ya jengo unakatwa kwenye LUKU ukinunua umeme, nyumba ya kawaida 1,500 ya kitanzania kwa mwezi, unaweza usiione kabisa. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, mshahara wako na wa shemeji haukatwi hata senti na Austin, yaani serikali ya jimbo, lakini shule, kaunti, zimamoto, maji ya mtaani, karibu vyote vimebebeshwa nyumba. Kwa hiyo mtu anayehamia huku akasikia "Texas hakuna kodi" ajue kodi ipo, imehamishiwa kwenye paa lake.

Sasa tuje kwenye swali lako la bunge, ambalo ndo la maana zaidi, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu hapa ndo kuna hela yako.

Ulisikia sawasawa. Bunge la Texas mwaka 2025 lilipitisha mswada wa Seneti namba 4, aliyeupeleka ni seneta Paul Bettencourt wa hukohuko Houston, na tarehe 4 Novemba 2025 wananchi wakaupigia kura, ulikuwa pendekezo namba 13 kati ya 17, karibu watu 8 kati ya 10 wakasema ndiyo. Ulichofanya ni kuongeza msamaha wa homestedi upande wa kodi ya shule kutoka dola 100,000 mpaka 140,000. Maana yake wilaya ya shule haikutozi kwa thamani yote, inaanza kuhesabu baada ya kutoa 140,000. Hiyo namba imepanda haraka sana, mwaka 2021 ilikuwa bado 25,000, kura ya 2022 ikaifanya 40,000, ya 2023 ikaifanya 100,000, sasa 140,000, na hii ya mwisho imeanza na kodi za mwaka 2025 zenyewe, bili zilizotoka Oktoba nyingi zilishahesabiwa nayo.

Sasa mbona kwako haijaingia? Nimekuomba unitumie ukurasa wa nyumba yako kwenye tovuti ya ofisi ya tathmini ya kaunti, nikatazama sehemu ya misamaha, na mbele yake pametupu. Dada, hamkuwahi kuaplai. Bunge limepitisha, wananchi wamepiga kura, gavana kasaini, lakini msamaha haukufuati nyumbani peke yake, mwenye nyumba lazima ajaze fomu aipeleke kaunti. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walisema, na hapa daftari lenyewe ni fomu namba 50-114. Fomu ni bure, haina ada hata ya dola moja, inajazwa onlaini au unaichapa unaipeleka mkononi.

Nakuomba usijilaumu. Nimekaa na familia nyingi sana za kwetu, Wakenya, Wakongo, Warundi, waliokaa miaka mitatu minne ndani ya nyumba bila kuijaza, kila mtu alidhani mwenzake kajaza, wengine walidhani ajenti wa nyumba kajaza, wengine waliona ile barua wakadhani ni matangazo. Na matangazo yapo kweli, kuna barua zinakuja zimefanana na za serikali zinakwambia lipa hela tukusajilie homestedi. Usilipe mtu. Ukiona bahasha inadai malipo kwa ajili ya homestedi itupe, nenda moja kwa moja kwenye ofisi ya tathmini ya kaunti yako.

Kitu kimoja kitakukwamisha na ndo kinawakwamisha wengi, leseni ya udereva. Wanataka nakala ya leseni au kitambulisho cha Texas na anwani iliyoandikwa pale ifanane na anwani ya nyumba. Umeniambia leseni yako bado ina anwani ya ile apatimenti ya zamani. Badilisha hiyo kwanza, inafanyika onlaini kwa watu wengi, ikishatoka ndo ujaze fomu. Hawakuulizi uraia, wanachotaka ni kwamba jina lako lipo kwenye hati, unaishi pale kama makazi yako makuu, na huna homestedi nyingine. Mke na mume mnapata moja, hata kama mna nyumba mbili.

Na habari njema, hujachelewa. Siku ya kawaida ya mwisho ni 30 Aprili ya mwaka husika, lakini sheria inaruhusu kuaplai kwa kuchelewa mpaka miaka miwili baada ya siku ambayo kodi ya mwaka huo inahesabika imechelewa, yaani kwa kodi ya 2025 una muda mpaka mwanzoni mwa Februari 2028. Kwenye fomu kuna sehemu ya kusema unaombea mwaka gani uliopita, jaza 2025, na ujaze 2026. Usingoje 2028 lakini, nitakwambia kwa nini.

Hesabu tena. 140,000 mara 1.25 kwa mia ni dola 1,750 zinatoka kwenye bili yako ya 2025, bili inashuka kutoka 8,000 mpaka 6,250. Kwa kuwa ilishalipwa, kaunti inarudisha hiyo 1,750, na cheki inaweza kuja kwa jina lako. Tafadhali sana, ikija isiende kwenye kochi wala kwenye tiketi. Ipeleke kwa kampuni ya mogeji na maelezo kwamba ni ya kupunguza upungufu wa eskro, pamoja na bili mpya iliyosahihishwa, na uwaombe wafanye hesabu ya eskro upya. Sema hivyohivyo, "naomba eskro ichambuliwe upya kwa sababu nimepata homestedi," hata kama mwaka wao wa kuchambua haujafika. Upungufu unakuwa 4,500 badala ya 6,250. Malipo yako yanashuka kutoka 3,380 mpaka kama 3,090 kwa mwaka huu, na miezi 12 ikiisha yanakaa kama 2,715. Sio 2,340 ya mwanzo, hiyo ilikuwa kodi ya kiwanja kitupu na hairudi. Lakini 2,715 mnaweza kupanga maisha nayo.

Kaunti na hata wilaya za MUD zinaruhusiwa pia kutoa misamaha yao juu ya huo wa shule, mpaka asilimia 20 ya thamani, na fomu ni hiyohiyo moja, kwa hiyo inawezekana utapata zaidi ya nilichohesabu. Sijaiweka kwenye hesabu ili usije ukapangia hela ambayo haijafika.

Sasa kwa nini usingoje. Homestedi ina faida ya pili ambayo watu hawaizungumzii na mimi naona ndo kubwa zaidi kwa miaka ya mbele. Nyumba yenye homestedi, thamani ya kutozwa kodi haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, hata soko liruke vipi, isipokuwa umeongeza chumba au jengo jipya. Lakini huo mpaka unaanza mwaka unaofuata ule wa kwanza uliopata msamaha. Ukipewa msamaha wa 2025, mpaka unaanza kukulinda 2026, nyumba yako ya 320,000 haiwezi kutozwa zaidi ya 352,000. Ukianza 2026, basi 2026 yote upo wazi wakuandikie wanachoona. Waliokuwa Texas mwaka 2021 na 2022 wanakumbuka thamani zilivyopaa, waliokuwa na homestedi walishikiliwa na huo mpaka, wasio nayo walilipa yote.

Halafu Aprili itakuja notisi ya thamani ya 2026. Isome siku hiyohiyo. Ukiona imezidi una haki ya kupinga mpaka 15 Mei au siku 30 baada ya notisi kutumwa, ile itakayokuwa ya baadaye. Kupinga ni bure vilevile, unaanza kwa mazungumzo na mtathmini, mkishindwana unaenda mbele ya bodi. Texas bei za mauzo ya nyumba sio lazima zitangazwe hadharani, kwa hiyo makaratasi yako ya kukloz ni ushahidi mzito kama ulinunua kwa bei ndogo kuliko waliyoandika. Nyufa ukutani, maji yanayotuama nyuma ya nyumba, piga picha, weka tarehe. Nenda na adabu na karatasi zako, utasikilizwa.

Kuhusu kurifainansi, hapana dada. Kodi inafuata nyumba, haifuati mkopo. Ukibadilisha mkopo leo utalipa gharama za kukloz upya, utafungua eskro mpya, na bili itakuwa ileile. Na kama huyo mtu alikuwa anamaanisha kutoa hela ndani ya nyumba, katiba ya Texas yenyewe inakataza mikopo yote juu ya nyumba kuvuka asilimia 80 ya thamani ukitoa hela, na nyinyi mliweka asilimia 3.5 juzi tu, hampo karibu na hapo. Kuna wengine watakutumia barua za mkopo wa kulipia kodi ya nyumba, sheria inawaruhusu kutoza mpaka asilimia 18 kwa mwaka, na wanakaa mbele ya foleni ya wadai, hata kabla ya benki yako. Wewe kodi yako imeshalipwa, huna haja nao kabisa.

Bima pia iangalie. Kwenye barua yako haijapanda sana mwaka huu ila Houston tangu kimbunga Beryl Julai 2024 kampuni nyingi zimepandisha, omba bei kwa watu watatu kabla ya kurinyu, na kila ukipunguza pale, eskro inapungua.

Umegusia pia kwamba kuna watu wanasema Texas itafuta kodi za nyumba kabisa kwa hiyo bora kuvumilia. Gavana Greg Abbott amelitangaza, anataka kodi ya shule iondolewe kwa wenye nyumba, lakini bunge la Texas linakaa kila mwaka wa namba witiri, linalofuata linaanza 12 Januari 2027, inahitaji theluthi mbili ya kila baraza, halafu kura ya wananchi, na hela ya kulipa walimu itoke mahali pengine. North Dakota walipeleka jambo hilo kwa wananchi Novemba 2024 na wananchi wakakataa. Panga bajeti yako kwa sheria iliyopo leo.

Na yule mdogo wako anayetaka naye kununua, aliye na kibali cha kazi tu, bila grini kadi, umwambie mapema asije akapoteza dipoziti: tangu 25 Mei 2025 FHA imefunga mlango kwa wasio wakazi wa kudumu. Hiyo ni amri ya Washington, Austin haihusiki. Mikopo ya kawaida isiyo ya FHA bado inawezekana kwa mwenye kibali halali, kila mkopeshaji ana masharti yake, aulize kabla hajasaini mkataba na mjenzi.

Na mama. Kura ileile ya Novemba iliongeza nafuu ya wazee wa miaka 65 na kuendelea, wao kwa upande wa shule jumla inafika 200,000, na kodi yao ya shule inafungwa isipande. Ni nzuri sana, lakini ni ya mwenye nyumba, na jina la mama halipo kwenye hati. Kuishi ndani hakutoshi. Nimeona watu wanakimbilia kumwandika mzazi kwenye hati ili wapate hiyo nafuu, halafu ndugu wengine wakaja na madai ya urithi siku mzazi alipofariki, au mkopeshaji akauliza kwa nini hati imebadilika. Usiguse hati kabla hujaongea na wakili wa mali wa Texas, mlipe saa moja, mweleze familia ilivyo pamoja na ndugu waliopo Tanga. Hilo linaweza kungoja. Leseni haiwezi, kwa hiyo wiki hii badilisha anwani yako na ya shemeji, ikifika tu jaza 50-114 kwa miaka yote miwili, piga picha kila ukurasa kabla hujatuma, na ukipata ile bili iliyosahihishwa nitumie tuandike pamoja barua ya kampuni ya mogeji.